Mzio wa Msimu Ndani ya Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Uganda

Mvua za Machi zikianza, na tena vumbi la Januari likitimka, maswali huwa yaleyale: chafya za alfajiri, macho yanayowasha, mtoto anayekohoa usiku, na mchana anacheza mpira kama kawaida. Majibu haya ni kwa nyumba za hapa kwetu, kuanzia chumba kimoja cha kupanga Kampala hadi boma la Arua. Ushauri mwingi unaosambaa kwenye simu uliandikiwa nyumba za Ulaya, zenye zulia kila chumba na madirisha yanayofungwa miezi sita, na ndiyo maana wengi wameufuata bila kupata nafuu.

Uganda haina majira ya kuchipua kama Ulaya. Huu msimu wa mzio unatoka wapi?

Unatoka kwenye mvua na kiangazi. Kusini na katikati mwa nchi mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Kaskazini ni msimu mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba, kisha ukame. Wakati wa mvua nyumba hushika unyevu, kuvu huota ukutani na nguo za kabatini hupata kawa. Nyasi nazo hutoa maua, na chavua yake nyepesi hupeperushwa na upepo hadi ndani. Kiangazi kikifika, barabara za murram zinakuwa vumbi tupu, na huko kaskazini moshi wa nyasi zinazochomwa unaongezeka juu yake.

Lakini kuna jambo linalowachanganya watu. Utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro, hustawi wakati wa mvua na kupungua hewa ikikauka. Kinyesi chao hakiendi nao. Hubaki humo humo, hukauka, na kila ukijigeuza kitandani kinapanda puani. Basi mtu anapiga chafya Aprili kwa sababu utitiri wamezaana, na anapiga chafya Januari kwa sababu ya walichoacha. Huyu atakwambia hana msimu, anaumwa mwaka mzima.

Nitajuaje kama ni mzio na si mafua ya kawaida?

Mafua huisha ndani ya wiki moja au siku kumi. Mzio hukaa wiki nyingi, makamasi yake ni maji maji yasiyo na rangi, pua na macho huwasha, na hakuna homa. Angalia pia mahali: ukisafiri kwa shangazi siku tatu ukapona, ukarudi ukaanza tena, tatizo liko nyumbani kwako.

Homa si dalili ya mzio. Mwenye homa apimwe malaria. Na kikohozi kilichozidi wiki mbili kipimwe TB, hata kama una uhakika ni vumbi. Kipimo cha makohozi hutolewa bure kwenye vituo vya serikali, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Ndani ya nyumba, nani mkosaji mkubwa?

Utitiri wa vumbi na mende. Chavua inalaumiwa sana kwa sababu maua yanaonekana, ila yale maua mazuri yenye rangi kali chavua yake ni nzito, hubebwa na nyuki, haifiki puani mwako. Inayoruka ni ya nyasi, mahindi na miti isiyo na maua ya kuvutia. Baada ya utitiri na mende wanafuata kuvu, manyoya ya paka na ndege, na mkojo wa panya.

Moshi wa mkaa, wa kuni na wa dawa ya mbu ya kuchoma si kizio (yaani kitu chenyewe kinacholeta mzio) kwa maana halisi, lakini unachubua njia za hewa hadi kizio kidogo tu kinatosha kukuangusha.

Nina pesa kidogo. Nianze wapi?

Kitandani. Usianze na mapazia wala kupaka rangi, na mashine usiifikirie kabisa kwa sasa. Unalala saa saba au nane pua ikiwa juu ya mto, na mto wa zamani umebeba utitiri kuliko kitu kingine chochote chumbani. Kama ni wa sufi au manyoya na umeshaona miaka mingi, utupe, ununue wa sponji. Kisha pesa zinazobaki zipeleke kwa fundi cherehani akushonee foronya mbili na mfuko wa godoro, kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa karibu sana, chenye zipu. Jaribu kitambaa dukani: kinyanyue kwenye mwanga, ukiona vitundu, kirudishe.

Shuka nizifue vipi? Sina mashine ya maji moto.

Maji baridi na sabuni huondoa uchafu na baadhi ya vizio, ila utitiri wengi hubaki hai. Wanakufa maji yakifika nyuzi joto 55 hadi 60. Bila kipimajoto fanya hivi: chemsha maji mpaka yatokote, mimina ndoo mbili za hayo kwenye beseni kubwa, ongeza ndoo moja ya maji ya bomba. Kampala maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi kwa sababu tuko juu, kwa hiyo mchanganyiko huo unakaa karibu 70, na shuka zikiingia unashuka kuelekea 60. Loweka nusu saa, ukigeuza kwa mwiko mrefu au fimbo safi, usitie mkono. Watoto wakae mbali na beseni hilo. Baadaye fua kama kawaida na uanike juani.

Mara moja kwa wiki ndiyo nzuri. Kwa bei ya mkaa ya leo wengi hawataweza, basi chemshia foronya kila wiki na shuka kila wiki ya pili. Foronya ndiyo iliyo karibu na pua. Blanketi zito lisiloingia kwenye beseni lianikwe, likung'utwe, na lilaliwe juu ya shuka, lisigusane na uso.

Kuanika godoro juani kunatosha?

Kunasaidia, hakumalizi. Jua la saa nne asubuhi hadi saa nane mchana hukausha godoro na kuua utitiri walio karibu na juu. Geuza upande wa pili katikati ya muda huo. Walio ndani ya sponji hujificha, na kile kinyesi tulichotaja hakiuawi na jua, maana hakina uhai. Kwa hiyo godoro likishapata joto, lipige kwa fimbo na kulipangusa kwa brashi, nje, upande ambao upepo unapeleka vumbi mbali na mlango. Kazi hii asipewe mwenye pumu. Tunaona sana mama mwenye kifua akilipiga godoro lake mwenyewe huku vijana watatu wamekaa barazani na simu zao.

Wakati wa mvua usisubiri Jumamosi. Likitoka jua Jumanne, godoro litoke Jumanne.

Ile plastiki inayokuja na godoro jipya, niitoe?

Iache! Shangazi zetu wanaoacha plastiki kwenye godoro miaka mitano huchekwa, kumbe ni kinga halisi dhidi ya utitiri, mradi haijachanika. Ubaya wake ni kelele na jasho. Tandika juu yake blanketi jembamba la pamba au shuka mbili, nazo ufue kila wiki. Kwa watoto wachanga pekee iondolewe: plastiki laini inayoweza kulegea na kufunika uso ni hatari kwao.

Na chandarua? Nacho nichemshie?

Hapana, hapa kanuni inageuka. Chandarua chenye dawa hufuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kawaida isiyo kali, bila Jik, na kukaushwa kivulini, kwa sababu maji ya moto na jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Usikifue zaidi ya mara moja kila miezi mitatu hivi. Katikati ya hapo, kitoe nje ukikung'ute taratibu, maana kinashika vumbi juu kama paa, na jioni ukikishusha vumbi lote linaangukia mto. Usiache kukitumia kwa ajili ya chafya. Malaria inaua.

Chandarua kipya kikikuwasha macho siku za kwanza, kitundike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia.

Nifungue madirisha au niyafunge?

Inategemea unakimbia nini. Hewa ya alfajiri huwa na unyevu mwingi, hasa Entebbe, Jinja na vijiji vya kando ya ziwa. Unyevu hushuka kabisa mchana. Kwa nyumba yenye kuvu, fungua sana kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, pande mbili, hewa ipite. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya murram wakati wa kiangazi, fungua madirisha ya nyuma na uyafunge ya mbele saa za magari mengi. Nyasi jirani zikichanua, au mtu akifyeka, funga mpaka amalize, uongeze saa mbili.

Halafu kuna yale matundu ya hewa juu ya dirisha, yenye wavu wa mbu. Panda kiti uyatazame mwezi wa Februari. Wavu umegeuka kahawia, vumbi limeganda juu yake kama unga uliolowa, na pepo za mvua za kwanza zitalisukuma lote ndani. Osha wavu huo kwa brashi na maji ya sabuni kabla ya Machi na kabla ya Septemba. Kuyaziba kwa magazeti, kama wapangaji wengi wanavyofanya, kunazuia vumbi kidogo na kuongeza unyevu mwingi.

Ukuta una kuvu kila msimu wa mvua. Nimepaka rangi, inarudi. Nifanyeje?

Rangi juu ya ukuta wenye maji ni pesa iliyotupwa. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Kuvu ikianzia chini na kupanda hadi magotini, maji yanafyonzwa kutoka ardhini, na tiba ni mtaro wa kupeleka maji ya mvua mbali na msingi. Ikianzia juu, bati linavuja au maji ya paa yanamwagikia ukuta. Ikiwa kwenye pembe na nyuma ya kabati tu, ni mvuke wa ndani: matoke yanayochemka saa tatu, nguo mbichi zilizotundikwa sebuleni, watu watano katika chumba kisicho na hewa. Nguo za kufuliwa kwa mkono huweza kutoa lita mbili za maji hewani zikikaukia ndani. Sogeza kabati kiganja kimoja kutoka ukutani, anika chini ya upenu wa nje, na pikia nje au karibu na mlango.

Kusugua: vaa kitambaa puani, lowesha kuvu kwanza kwa maji ya sabuni ili isipeperuke, sugua, pangusa. Kwa saruji au vigae unaweza kumalizia kwa Jik, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, milango ikiwa wazi. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mvuke wake unaweza kukupeleka hospitali. Dari la mbao laini lililooza kwa kuvu halisafishiki, lazima ling'olewe.

Kama ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba aonyeshwe mvua ikiwa inanyesha. Picha ya kiangazi haimshawishi mtu.

Je, naweza kuingiza sigiri chumbani ili ikaushe unyevu?

Hapana. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Swali hili linaulizwa sana kutoka Kabale na Kisoro, ambako ukungu wa asubuhi na baridi ni vya kweli, na tunaelewa. Jibu halibadiliki. Ota moto jikoni au nje, kisha ulale na blanketi la ziada.

Mende wananipa mzio kweli, au ni uchafu tu?

Ni kweli. Kinyesi chao, mate na magamba yao husagika na kuingia kwenye vumbi, na kwa watu wenye pumu ni kati ya vichochezi vikali zaidi. Mende wale wadogo wa kahawia hupenda joto na majimaji: nyuma ya friji, ndani ya redio, chini ya sinki. Jike mmoja hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40, kwa hiyo kuua watatu kwa kandambili si ushindi.

Dawa ya kupuliza yenyewe huwasha kifua. Afadhali ile ya jeli inayopakwa nukta nukta kwenye mianya, mbali na watoto na vyombo. Wanyime maji pia: kausha sinki kabla ya kulala, funika ndoo, usiache masufuria yenye posho iliyogandia yakilowa mpaka asubuhi. Kwenye vyumba vya kupanga vilivyoshikana ongea na majirani mpake siku moja, la sivyo wanahama tu kwa wiki mbili. Mende wakishakwisha, osha walipokuwa kwa maji ya sabuni. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, halafu watu wanalalamika kwamba mende wameisha na chafya zimebaki.

Tunahifadhi magunia ya mahindi na maharage chumbani. Kuna neno?

Lipo. Baada ya mavuno ya Juni na Julai, na tena ya mwisho wa mwaka, gunia chumbani linaleta vumbi la nafaka, utitiri wa ghalani, fukusi, panya na kuvu. Tunajua kwa nini liko chumbani: likikaa nje litaibwa. Basi likaushwe vizuri kabla ya kuingia, kwenye turubai na si juu ya udongo, liwekwe juu ya mbao bila kugusa ukuta, na likae upande wa miguu wa kitanda. Mifuko ya nailoni isiyopitisha hewa ni bora zaidi kwa nafaka iliyokauka. Kupepeta kufanyike nje. Mahindi yenye kuvu yasiliwe wala kulishwa kuku. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Sisi tuko Entebbe. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanahusika?

Wanaweza. Hutoka ziwani kama wingu, mara nyingi karibu na mwezi mwandamo, hufuata taa, hufa kwa maelfu dirishani na kusagika kuwa unga. Sudan, kando ya Nile, wadudu wa ziwani na mtoni wa jamii hiyo wamejulikana muda mrefu kwa kuamsha pumu. Jioni za wingu zima taa za nje, funga madirisha kabla ya giza, na asubuhi usiwafagie wakiwa wakavu. Wanyunyizie maji kwanza.

Kufagia kunazidisha?

Fagio kavu la chelewa hupandisha vumbi, na chembe ndogo zaidi hubaki hewani muda mrefu baada ya wewe kuliweka fagio pembeni. Nyunyiza maji kidogo au piga deki, na vumbi la mezani lipanguswe kwa tambara bichi. Sakafu ya udongo nayo inyunyizwe. Vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa juu ya makochi vinapendeza wageni na vinashika vumbi kuliko makochi yenyewe. Fua au ondoa. Zulia la manyoya chumba cha kulala halina kazi, mkeka unatosha.

Mashine ya kusafisha hewa inafaa?

Yenye chujio la HEPA, lile linalonasa chembe ndogo sana, huchuja vitu vinavyoelea: chavua, moshi, manyoya ya paka. Vizio vya utitiri ni vizito, vinatua haraka, na mashine haiwezi kuvifuata ndani ya godoro. Ongeza umeme unaokatika na chujio za kubadilisha, utaona kwa nini tunaiweka mwisho. Manukato ya kupuliza hayasafishi chochote.

Nyumbani tunafukiza udi na ubani. Tuache?

Si lazima kuacha. Fukiza nguo au sebule wakati mwenye pumu hayupo, madirisha wazi, na chumba chake kiachwe. Akikohoa hata hivyo, basi udi usubiri sikukuu na ufukizwe barazani.

Asali ya West Nile inatibu mzio?

Inatuliza koo, na ni tamu. Kutibu mzio wa chavua hakuna ushahidi wa kutegemea, kwa sababu ile iliyotangulia kutajwa: chavua ya nyuki si ile inayokupigisha chafya. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Msimu wa nsenene midomo yangu inawasha. Ni kitu kimoja?

Inawezekana. Wadudu wanaoliwa, kamba wa baharini na utitiri wa vumbi wana protini zinazofanana, na mwili uliozoea kupigana na mmoja unaweza kumshambulia mwingine. Midomo ikiwasha, acha kula, hata kama ni Novemba na bakuli limejaa. Mbawa na miguu zikinyonyolewa ndani ya nyumba, fagia kwa maji na utupe siku hiyohiyo.

Paka anakamata panya wetu. Tumfukuze?

Kama ni yeye anayewasha, alale nje na asipande kitandani. Ukimwondoa kabisa usitegemee nafuu ya kesho. Vizio vyake hukaa kwenye makochi na mapazia kwa miezi kadhaa. Kuku wanaolazwa sebuleni ni swali rahisi zaidi: wajengewe banda.

Dawa gani ninunue?

Piriton inafanya kazi na inaleta usingizi. Dereva wa boda boda asiinywe asubuhi. Setirizini au loratadini huchosha kidogo tu, na moja inatosha kwa siku. Kwa pua iliyoziba kila siku, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi ni bora, ila huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kuonyesha kazi, kwa hiyo usiitupe siku ya pili. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano, yakizidi pua huziba zaidi. Antibiotiki haitibu mzio. Na zile sindano za steroidi ambazo kliniki nyingine huchoma kila msimu zina madhara yakirudiwarudiwa. Uliza unachomwa nini.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni rahisi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ya bomba au ya kisima yasiingizwe puani bila kuchemshwa.

Lini niache kusafisha nyumba na nikimbilie hospitali?

Kifua kikipiga miluzi, usiku ukikatika kwa kukosa pumzi zaidi ya mara moja kwa wiki, au ukihitaji pumpu mara kwa mara, nenda kituo cha afya upimwe pumu. Makerere University Lung Institute, iliyoko Mulago, hushughulikia magonjwa ya mapafu kwa wanaohitaji uchunguzi zaidi. Lakini mtu asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mtoto ambaye ngozi kati ya mbavu inaingia ndani akivuta hewa, au yeyote ambaye midomo inageuka buluu au uso unavimba ghafla, asisubiri asubuhi. Mkalishe wima, mpe pumpu yake ya kuzibua kama anayo, na mtafute gari wakati huohuo.